Sauti Yangu Juu ya Mti

Jiwe la chumvi wanalouza huku Kentucky lina uzito wa mtoto wa mwaka mmoja. Ni jekundu kwa ajili ya madini waliyochanganya ndani, na kwenye karatasi yake wamechora swala dume mwenye pembe kubwa. Mimi nililinunua kwenye duka la vifaa vya shamba nikiwa na akili ya mtu wa ng'ombe. Niliona mnyama, niliona chumvi, nikadhani nimeelewa. Shule niliiacha darasa la nne, maandishi sikuhangaika nayo. Baadaye binti yangu alinisomea. Yalisema weka jiwe mahali pamoja, wanyama watazoea, na msimu wa kuwinda ukifika utawakuta wanakungoja.

Tunaishi Highview, lakini tunalima nje ya mji, kwenye kipande cha ardhi pembeni ya msitu ambacho mzee mmoja mzungu ametuachia sisi watu wa kanisa. Mwaka ule swala walikula maharage yangu yote yalipoanza kutoa maua, wakamalizia na lengalenga, mchicha wetu. Wenzangu walizungushia nyavu. Mimi nilifanya kama baba yangu alivyofanya kwetu, kwenye milima ya juu ya Kivu Kusini. Ng'ombe wakisumbua mashamba ya watu, baba aliwawekea chumvi upande wa pili wa kijito, nao waliacha mashamba wakaenda kwenye chumvi. Alichimba birika kwenye udongo mzito, akamimina maji ya chumvi, kisha akaita. Kila nyumba ilikuwa na wito wake. Wa kwetu ulianza chini kooni na kuishia na mluzi mrefu, na ng'ombe wetu waliujua kama mtu anavyojua jina lake.

Kwa hiyo nilibeba jiwe langu jekundu nikaliweka ng'ambo ya kijito kinachopita kando ya shamba, na nikaita. Niliita bila kufikiri, kwa sababu mkono wangu haujui kuweka chumvi mdomo ukiwa umefungwa.

Baada ya wiki tatu maharage yalianza kupumua. Swala jike mmoja, mwenye sikio lililochanika, alikuja na watoto wake wawili. Mwanzoni walisimama kwenye miti mpaka niondoke. Mwezi wa nane walikuwa wanatoka nikiwa bado nimeshika kisu cha kufungulia karatasi ya jiwe jipya. Jioni, nikitoka kazini kwenye ghala la mizigo, nilipita shambani hata siku isiyo na kazi ya kufanya, niwaite tu na kuwapa maganda ya maboga. Sikuwa nimetoa sauti ile tangu siku ya mwisho ya ng'ombe wetu. Mke wangu alipoisikia mara ya kwanza alikuwa kwenye mistari ya maharage. Aliweka kikapu chini, akakaa kwenye udongo.

"Rudia," alisema.

Nikarudia. Akatoa simu, akanirekodi video na swala wakitoka msituni, akaituma kwenye group ya familia. Kosa hilo ni langu pia, nisimtupie yeye peke yake. Nilimwambia arekodi upya kwa sababu kofia yangu ilikuwa imekaa vibaya.

Kaka yangu mkubwa, aliye Buffalo, alinijibu kwa ujumbe wa sauti. Alilia kwanza, halafu akacheka.

"Mdogo wangu, umekuwa mchungaji wa ng'ombe wasiokamuliwa. Huku New York hiyo chumvi ni kosa, wakikukuta unawalisha swala wanakupiga faini. Lakini wewe ita tu. Ita. Nimemsikia mzee."

Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, anakaa Westerville, juu ya Columbus, jimbo la jirani. Kiwandani kwake wazungu walimfundisha kuwinda, akanunua upinde wa kufyatua kama bunduki na nguo zenye rangi ya majani. Yeye hakulia. Aliandika: "Shemeji, wanakujaka saa ngapi?"

Nikamjibu saa kumi na moja jioni. Nilifikiri anataka kuwaona.

Alikuja Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, akasema atasali na sisi kesho yake. Mimi nilikuwa kazini. Nilipotoka nilipitia shambani kama kawaida. Nilipofunga mlango wa gari nikasikia mtu anaita ng'ombe wa baba yangu.

Ilikuwa sauti yangu. Ilitoka juu ya mti, kwenye simu, imekonda kidogo, na mluzi wake mrefu mwishoni. Ikanyamaza, ikaanza tena. Yule jike wa sikio lililochanika alikuwa ameshatoka, anatembea bila haraka, watoto wake nyuma.

Nilipiga kelele. Nilitaka akimbie. Lakini koo langu ndilo lile lile, na yeye hakuwahi kusikia ubaya ndani yake. Alisimama, akageuza kichwa kunitazama mimi. Amesimama hivyo, mshale ukampata nyuma ya bega.

Shemeji alishuka kwenye mti anacheka.

"Bon, shemeji, asante. Umemusimamisha vizuri. Nilikuwa naogopa atapita."

"Sauti ile umeitoa wapi?"

"Kwa group. Si mulituma nyinyi wenyewe?"

"Na wewe hujui nani mwingine aliita kwa sauti ile?"

Akaanza kufuta mshale kwa majani. Alijua. Kila mtu wa kwetu anajua, na mimi nitalisema hapa, maana nimechoka na watu wanaosema "vita" kama vile vita ni mtu mwenye mikono. Aliyetumaliza alikuwa muuza chumvi. Alikuja kila juma na mfuko mgongoni, mtu mwenye kidole gumba kilichokatika, na alikula kwetu. Baba alimfundisha wito wetu kwa mchezo, wakicheka wote wawili. Wenye silaha walipokuja tulificha ng'ombe kwenye msitu wa mianzi, na wasingewapata kamwe. Muuza chumvi alimwaga mfuko wake juu ya jiwe, akaita. Ng'ombe walitoka mmoja mmoja. Baba akawafuata ili awarudishe. Hakurudi yeye wala ng'ombe.

"Ile ni mambo ya Congo," shemeji alisema. "Hii ni nyama tu. Unakasirika juu ya swala?"

"Nakasirika juu yako."

"Donc ungefuga, uwawekee na majina."

Mke wangu hakupiga kelele. Shemeji alipoingiza nyama jikoni, alifunika sufuria.

"Pakia vitu vyako," alimwambia. "Hapa hakuna moto wa hiyo."

"Dada, na wewe?"

"Na mimi."

Akapakia. Hakusali na sisi kesho yake. Juma lililofuata alikwenda Buffalo kwenye harusi, nyama ikiwa ndani ya sanduku la barafu, na kaka yangu, yule aliyelia aliposikia sauti ya mzee, alipokea mguu mzima. Akanipigia simu akiwa bado anatafuna.

"Mwache kijana," aliniambia. "Ni ndugu ya mke wako. Usivunje familia kwa mnyama wa porini."

"Ulisema umemsikia mzee."

"Nilimsikia."

"Basi huyo uliyemsikia ndiye aliyeitwa akauawa. Kula."

Nikakata. Hatujaongea tangu hapo. Watu wa kanisa wamekuja mara mbili kutupatanisha, wamekunywa chai, wamerudi kwao. Wanataka nisamehe upesi ili waache kuona aibu.

Jiwe la chumvi nililitoa siku ile ile. Nilidhani yameisha. Lakini mvua ilikuwa imeiyeyusha chumvi miezi yote ile, ikaingia ardhini, na wale watoto wawili waliendelea kuja kulamba udongo mtupu. Na msimu wa kuwinda ulikuwa bado haujaisha, na video ilikuwa bado kwenye simu za watu wote.

Kwa hiyo nilichukua koleo. Nimechimba shimo linalonifika magotini, udongo nikaupakia kwenye magunia, mke wangu akishika midomo ya magunia. Tulipofika gunia la tano walitoka msituni. Wamekua, manyoya yamekuwa ya kijivu. Walisimama ng'ambo ya shimo wakingoja maganda.

Niliokota bonge la udongo nikawatupia. Lilimpiga mmoja ubavuni. Walikimbia hatua chache, wakasimama, wakageuka kunitazama, masikio mbele. Walidhani nimekosea.

Niliokota bonge lingine, kubwa zaidi, nikalenga kichwa.