Padri Polepole na Kisanduku Chake

Nimekuwa sakristani wa parokia yetu miaka kumi na tisa. Nimefua na kupiga pasi kanzu za mapadri watano, na nasema bila kumung'unya maneno: huyu wa sasa ndiye hovyo kuliko wote. Tunamwita Padri Polepole. Misa ya saa moja anaianza saa moja na robo, kwa sababu amesimama nje anamsikiliza muuza mkaa akisimulia habari za goti lake. Miwani anaitafuta huku ameivaa. Na mahubiri yake, loo! Dakika nne, na mbili kati ya hizo anakohoa.

Kilichonichefua zaidi ni maneno yake ya Alhamisi. Siku hiyo anazungukia wagonjwa, na akirudi anakaa kwenye ngazi ya sakristia, anavua viatu vilivyolika visigino, anaanza kunieleza alikomkuta Mungu.

"Mama Sakristia, leo alikuwa kwa yule fundi cherehani. Tumekaa saa nzima bila kusema kitu. Alikuwa anapanga vifungo."

"Vifungo," nikasema.

"Kwa rangi zake."

Nikafyonya. Mapadri wa wenzetu wanajenga zahanati, wanajenga kumbi, wetu sisi anamwona Mungu kwenye vifungo!

Ningemwacha na ujinga wake kama si kaka yangu. Kaka alikuwa fundi baiskeli, na kanisani hakukanyaga miaka ishirini na miwili. Wifi yangu alipokuwa anakata roho, padri wa wakati huo aliitwa mara tatu. Alikuwa kwenye karamu ya jubilei yake. Akaja kesho yake, akasoma sala juu ya maiti, akaaga. Hata pole hakusema. Kaka akaapa kwamba yeye na makanzu basi. Sasa kiharusi kilikuwa kimemlaza, upande mmoja umekufa ganzi, daktari ametuambia tujiandae, na mimi nilikuwa na ombi moja tu duniani: asiondoke na kinyongo kile. Aungame, apokee, afe kama watu.

Nikamwomba Polepole aende akazungumze naye. Unadhani alifanya nini? Wiki kumi na moja alikwenda kumnyoa ndevu! Analowesha sabuni, ananyoa, anamkata kidogo, wanacheka, anarudi.

"Umemgusia habari ya kitubio?" nilimuuliza.

"Bado. Ana kovu chini ya kidevu pale, lazima uende taratibu."

Nilitamani kumpiga na chetezo cha ubani. Ndugu yangu anakufa, na huyu ananiletea habari za kidevu.

Jumanne moja asubuhi kaka akazidiwa. Binti yake akanipigia simu, nikaenda mbio, na kaka akaniambia kwa ule upande wa mdomo uliobaki mzima, "Mwite kinyozi wako. Mwambie leo aje na vyake vya kanisani."

Jamani! Nina miaka sitini na mmoja, lakini siku hiyo nilikimbia. Padri nilimkuta amelala chali chini ya tangi la maji, anakaza bomba, kanzu yote tope. Hapo nilimsema. Nilimsema kutoka tangini hadi sakristia. Yeye ananawa, mimi namsema. Yeye anatafuta stola ya kuvaa shingoni, mimi namsema, huku namwandalia mkoba mwenyewe ili asije akasahau: mafuta ya wagonjwa, kitabu, kile kisanduku kidogo cha kubebea Ekaristi.

"Kila kitu kipo?" akauliza.

"Kipo! Ningekuachia wewe ungesahau hata kichwa."

Akakichukua kisanduku, akakiweka kifuani, tukatoka. Kwetu padri aliyebeba Ekaristi hasalimii mtu njiani. Mimi nilitangulia na kengele. Maseremala wakaacha randa. Mwanamke aliyekuwa amejitwika ndoo aliitua, akapiga magoti palepale vumbini. Padri alitembea ameinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza nikaona anafanana na padri.

Binti wa kaka alikuwa ametandika kitambaa cheupe, amewasha mshumaa. Padri akafungua kisanduku. Akatulia. Nikachungulia.

Kitupu. Kinang'aa, kama nilivyokisugua Jumamosi. Nilikuwa nimekitoa kabatini. Tabenakulo, Ekaristi inamohifadhiwa, sikuifungua kabisa! Mdomo ulikuwa kazini kumsema mtu, mikono ikajiendea yenyewe.

"Kuna nini?" kaka akauliza.

Padri alinitazama mara moja tu. Kisha akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mzee wangu, umeniita, nami nimekuja mikono mitupu. Nilipaswa kuangalia kabla sijatoka, sikuangalia. Nisamehe."

Uso wa kaka ukaanza kutetemeka, nikadhani kiharusi kimerudi. Kumbe analia.

"Miaka yote hii," akasema, "hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniambia neno hilo."

"Nisamehe na kwa hilo."

"Wewe hata mke wangu hukumjua."

"Sikumjua. Nisamehe tu."

Kaka akapumua kwa nguvu. "Haya. Watoe hawa nje. Na mimi nina yangu."

Tulikaa uani karibu nusu saa. Padri alipotoka, alishika njia ya kanisani anakimbia, kanzu ameikunja mkononi, akarudi akitiririka jasho. Safari hii aliileta Ekaristi. Kaka akapokea kipande kidogo sana, kwa kijiko cha maji.

Baadaye akaniita nisogee.

"Dada, umeona? Ameniomba msamaha. Padri mzima, chini, kwa magoti."

"Nimeona, kaka."

"Amesahau, na amekubali kwamba amesahau. Mwanamume yule."

Nikafungua mdomo. Padri alikuwa anakunja kile kitambaa cheupe, wala hakuinua kichwa. Nikaufunga.

Kaka tulimzika Jumamosi, kanisani kwa heshima zote. Mtaa mzima bado unacheka habari ya padri aliyepigiwa kengele na kupigiwa magoti akiwa na kisanduku kitupu. Wakiniuliza mimi sakristani, ninawajibu kwamba ndivyo alivyo, tangu aje hapa ni msahaulifu.