Sijida Bila Takbira

Ijumaa ile ya Ramadhani sauti ilikatika tukiwa kwenye sijida. Sisi wanawake, hapa msikitini kwetu Mlingotini, hatumwoni imamu. Ukuta umetutenga naye, tunamfuata kwa spika tu. Tukabaki paji la uso chini, tunangoja takbira, ile "Allahu Akbar" ya kutuinua. Haikuja. Mmoja akainuka, akasita, akarudi chini. Mama yangu, mwenye magoti mabovu, hakuinuka kabisa mpaka nilipokwenda kumnyanyua.

"Nilikuwa nangoja sauti," alisema, machozi yakimtoka. "Swala yangu imeharibika, mwanangu?"

Nikamfuta machozi. Sauti ile hupitia kwenye kompyuta, na draiva yake, yaani programu inayoendesha kifaa cha sauti, niliiandika mimi.

Nikaenda chumba cha mitambo. Zilibaki saa mbili na ushee kabla ya Alasiri. Mzee anayetunza msikiti alikuwa amesimama mlangoni.

"Shikamoo, ami. Ilianza lini kusumbua?"

"Marahaba. Kabla ya leo haijasumbua hata siku moja. Mimi nilikuwa naizima kompyuta kila baada ya swala, nayo ipumzike. Wewe ukanicheka, ukaniambia niiache ikiwaka."

Nilimcheka kweli. Nilimwambia kompyuta si punda. Sasa nikajua pa kutazama, na uso ukaniwaka kwa aibu. Kila mikrofoni ilipowashwa, draiva yangu iliomba kipande cha memori. Ilipozimwa, ilipaswa kukirudisha. Haikurudisha. Ami alipokuwa akizima mashine, memori yote iliachiwa na kosa langu likafichika. Alipoacha, vipande vikarundikana swala kwa swala, hadi mashine ikaganda.

Mstari uliokosekana ulikuwa mmoja tu. Niliuandika, kisha nikawasha na kuzima mikrofoni mara mia, macho kwenye kiwango cha memori. Hakikupanda. Lakini hata mara ya kwanza nilikuwa na uhakika vivyo hivyo.

Alasiri ilipofika, mama akasimama ubavuni mwangu. Nilitaka kumsihi akasali nyumbani, nikaona haya. Rakaa ya kwanza tukasujudu. Kimya. Imamu wetu hukawia kwenye sijida, nalijua hilo tangu utotoni. Nikahesabu pumzi zangu. Kimya bado. Nikashindwa kungoja, nikainua kichwa.

Wanawake wote walikuwa chini, mama na magoti yake mabovu, wametulia wakingoja sauti. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nimeinuka.