Swali Nililoogopa Kumuuliza Mwinjilisti

Siku yangu ya kwanza kazini kama muuguzi, katika wodi ya wagonjwa wa akili mjini Kitale, nilitarajia kelele. Nilikuta ukimya. Wanawake sita walikuwa wamelala wakitazama ukuta, chai yao imepoa. Muuguzi msimamizi, mama wa maneno machache, aliniambia hao ndio wa kuangaliwa zaidi.

"Anayepiga kelele kila mtu anamwona," alisema. "Huyu aliyenyamaza ndiye atakuponyoka."

Vitabu vya kazi viliuita ugonjwa wao sonona. Si huzuni ya msiba inayopungua kadiri siku zinavyopita. Hii hukaa wiki baada ya wiki, ikiondoa usingizi, hamu ya chakula, na hata hamu ya kuomba. Kwetu Kibomet watu walisema tu kwamba fulani anafikiria sana.

Baada ya miaka minane nilihamishiwa Bungoma. Kila Alhamisi tulifanya kliniki ya wagonjwa wasiolazwa karibu na Sirisia, na huko ndiko nilikokutana na mwinjilisti Barasa, mkulima wa kahawa na mhubiri wa dhehebu langu. Aliyezungumza ni mkewe, Mama Nafula. Alisema mumewe halali, kahawa inaiva na kuanguka chini, na Jumapili mbili amekataa kuhubiri.

Utaratibu ulikuwa wazi: mgonjwa wa namna hii lazima aulizwe kama amewaza kujiua. Sikumuuliza. Niliona ni kama kumtukana mtumishi wa Mungu. Tena moyoni niliamini, kama wengi, kwamba mtu aliyeokoka hawezi kufika huko. Nikamwambia aongeze maombi, arudi baada ya mwezi.

Aliletwa kwetu hospitalini Bungoma baada ya siku tisa, ameshikiliwa na mkewe na shemeji yake. Wazee wa kanisa walidhani ni pepo, wakamwambia afunge na kuomba siku tatu bila chakula. Siku ya nne Mama Nafula alimkuta amejifungia kwenye stoo ya dawa za shamba. Alisimama mlangoni akimwita kwa jina lake la utotoni mpaka akafungua.

Daktari msimamizi alisoma faili niliyoandika, akaniita kando. Hakupaza sauti.

"Sista, ulimuuliza?"

"Sikumuuliza, daktari. Ni mwinjilisti."

"Mimi pia ni Mkristo, na huwa naomba," akasema. "Lakini wewe umeajiriwa uulize. Rudi ndani."

Nilirudi, nikavuta kiti, nikamuuliza waziwazi. Machozi yakamtoka Barasa.

"Sista, tangu tupande mahindi nangoja mtu aniulize," alisema. "Mimi ndiye naambia watu wasikate tamaa. Sasa hii yangu ningeambia nani?"

Ninyi mnaoanza kazi hii, msiogope. Kumuuliza mtu hakumwingizii wazo hilo kichwani. Kama analo, humpunguzia kulibeba peke yake.

Alilazwa wiki tatu. Vidonge vya sonona huchukua wiki kadhaa kabla ya kufanya kazi vizuri, na wengi huviacha katikati wakidhani ni bure, kwa hiyo nilimweleza mara nyingi. Mama Nafula nilimwambia akae na ufunguo wa stoo. Kisha, kwa ruhusa ya Barasa, nilikwenda kwa mchungaji wao. Nilianza kwa kukiri kosa langu, na labda ndiyo sababu alinisikiliza. Nilimwambia Bwana mwenyewe alilia, na hatusemi imani ilimpungukia.

"Kwa hivyo tuache kumwombea?" akauliza.

"Mwombeeni, pasta. Lakini ale kwanza, na ameze dawa."

Barasa hakupona kwa siku moja. Alianza kwa kuchuma kahawa mistari miwili, mkewe akiwa kando yake. Safari moja alizidiwa tena, daktari akabadilisha dawa. Karibu mwaka ulipita kabla hajasimama mbele ya kanisa na kusema kwamba alikuwa mgonjwa, ametibiwa, na Mungu hakumwacha hata siku alizoshindwa kuomba. Alhamisi iliyofuata watu wanne wa kanisa lile walikuwa kwenye foleni yangu. Mmoja wao alikuwa yule mchungaji.

Nilistaafu, nikarudi Kibomet. Mwaka wa pili ugonjwa ulinijia mimi. Nilikuwa nimedhani kuujua kungeniepusha nao. Kufunga vifungo vya sweta kukawa kazi kubwa. Niliuficha miezi miwili, mimi niliyewafundisha wengine wasifiche, kisha nikamwambia binti yangu. Tulikwenda pamoja hospitali ambako wauguzi wananijua kwa jina. Niliona aibu kwenye foleni, lakini sikuondoka.

Dawa bado natumia. Asubuhi nyingine naomba kwa muda mrefu. Nyingine nasema tu, "Bwana, nipo," kisha natoka kulisha kuku.