Sukari Iliyorudi Chembe

Nakumbuka siku moja ya harusi hapa hapa Quionga, mwanangu, nami bado nina nguvu zangu. Kashata zangu za korosho zilikuwa na jina mpaka Palma. Kisha mume wangu akaoa mke wa pili, Somoe, kutoka ng'ambo ya mto Rovuma, naye alijua kashata. Zake ziling'aa kama kioo, ukiuma zinakatika kwa mlio. Watu walizisifu, na mume wangu akazisifu mbele yangu. Wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda; nami nilikonda kweli.

Wifi yetu alipoolewa na mwalimu wa serikali aliyetoka Nampula, mama mkwe alituweka jikoni pamoja, kila mmoja na sufuria yake. Sukari ina adabu yake, mwanangu. Ikiwa inayeyuka unaikoroga. Ikishachemka unaiacha itulie. Chembe moja kavu ikidondoka kutoka ukingoni, nyingine huifuata, na shira yote, ile sukari iliyoyeyuka, hurudi chembe. Ndiyo maana mjuzi hufuta ukingo kwa kitambaa kibichi na kukamulia ndimu kidogo.

Hayo niliyajua tangu utotoni, lakini siku ile macho yangu yalikuwa kwa Somoe. Mume wetu aliingia kunywa maji, akamwambia neno, wakacheka. Mkono wangu ukakoroga bila mimi kuutuma. Nilipotazama, sufuria imejaa kitu kama mchanga mweupe, na wageni wa bwana harusi wanashuka garini.

Somoe aliona. Akachota maji kikombe, akaja.

"Dada, tuongeze maji tuirudishe motoni. Itayeyuka."

"Usiguse sufuria yangu," nikamwambia. "Heri niimwage."

Nikaishika kwa kanga, nikaelekea mlangoni. Mama mkwe alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Hakuinuka.

"Mimi pia niliolewa mke wa pili, kama Somoe," alisema taratibu. "Mke mwenzangu alimwaga vyakula kwa kunionea wivu mpaka akazeeka, na waliolala njaa ni wanawe. Ukitaka, mwaga. Ila harusi ni ya wifi yako, si ya Somoe."

Nilisimama pale mpaka vidole vikaungua. Nikarudi. Somoe akamimina maji, mimi nikafuta ukingo nikakamulia ndimu. Kashata zilitoka, si nzuri kama zake, lakini zililiwa zikaisha.

Usidhani wivu ulikwisha siku ile. Ulinirudia miaka mingi, hasa zamu yake ilipofika. Lakini sikumwaga tena kitu. Leo mume wetu ametangulia mbele ya haki, na Somoe ndiye anayenikanda mgongo unaponiuma.

Basi, mwanangu, ukimwonea mtu wivu usijidanganye kwamba humwonei. Ujue, funga mdomo, maliza kazi iliyo mbele yako. Na yeye akikunyooshea mkono, upokee, hata kama uso umekunjamana. Aliyekuzidi hakukuibia. Mwenyezi Mungu akupanulie moyo, akujaalie kuridhika na fungu lako, na nyumba yako isikose wa kukuitikia. Amin.