Chumba Kiingie Chote

Miaka thelathini na mmoja alikuwa anapiga nyuso za watu, na mtaa mzima ukamwita Mama Pasipoti, hata wale waliojua jina lake. Kazi ni ile ile kila siku: kiti kimoja, pazia jeupe, taa mbili. "Nyoosha shingo. Usicheke. Masikio yaonekane." Basi. Mtu anakaa, anapigwa, anatoka na picha zake nne. Nne, si tatu wala tano, maana karatasi yake ilitoa nne na yeye hakuwa mtu wa kubadilisha mambo yaliyokwisha kukaa sawa.

Nyuma ya studio, ukipita mlango usio na kitasa, kulikuwa na chumba cha dada yake, fundi wa nguo. Ni dada wa tumbo moja, aliyemtangulia kuzaliwa miaka sita na hakumwachia asahau. Walikuwa wamepanga pamoja miaka ishirini na miwili, huku kamera, kule cherehani, katikati ukuta wa mbao ambao haukuzuia neno hata moja. Mteja wa picha akikohoa huku, Fundi anamwambia pole kule.

Na kwa miaka yote hiyo Mama Pasipoti hakuwa na picha ya dada yake. Hata moja. Kitambulisho alipigwa na watu wa serikali, na humo alifumba jicho.

"Dada, kaa hapo dakika moja nikupige."

"Unipige, nimekukosea nini?"

"Acha utani. Kaa."

"Sikai. Uso mtupu si mimi. Mtu akiuona huo uso atajua nini? Nipige na cherehani yangu, na dirisha langu, na karatasi zangu zote pale ukutani. Chumba kizima na mimi ndani."

"Hakiingii, dada. Lenzi yangu ni ya nyuso."

"Basi nunua inayoingiza chumba. Mimi siendi popote."

Akawa anasema hivyo, na mwenzake akawa anasema mwakani. Miezi miwili iliyopita Fundi akaenda. Ilikuwa asubuhi, mguu uko kwenye pedali, sindano imeshuka nusu kwenye kola ya shati la mtu. Cherehani ikanyamaza, na Mama Pasipoti huku upande wa pili akadhani uzi umekatika. Akaendelea kumwambia mteja anyooshe shingo.

Watu walimsubiri alie. Hakulia. Hakujikaza, wala hakujifanya shujaa. Machozi hayakuja tu. Alizika, akarudi, akafungua studio saa mbili kama kawaida. Chai aliinywa ikiwa ya moto na ikiwa ya baridi, yote sawa kwake. Walimwambia utaona baadaye, akawaambia haya, nitaona.

Halafu mwenye nyumba akaja, kwa heshima zake zote, akasema chumba cha nyuma kimepata mpangaji. Jumamosi kiwe kitupu. Mtoto wa Fundi, ambaye ni dereva wa lori na ana ndevu zake na wanawe, akasema atakuja Jumamosi hiyo hiyo na lori abebe cherehani na vitu vya mama yake. Kila mtu alikubaliana na kila mtu. Mama Pasipoti naye akaitikia. Ijumaa asubuhi akafunga studio, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya homa, akaiweka kamera yake kwenye mfuko, akaenda kutafuta lenzi.

Alitaka kitu kimoja tu: asimame kwenye mlango usio na kitasa, na kuta zote tatu anazoziona pale ziingie ndani ya picha moja, kabla lori halijaja. Dada alishaondoka, lakini chumba alichokitaka kipigwe bado kilikuwapo, kwa siku moja.

Muuza kamera alikuwa mwanamume wa makamo mwenye miwani minene, mtu wa maneno mengi. Akaitazama kamera ya mama, akaipindua.

"Mama, hii imekula chumvi."

"Inafanya kazi. Nionyeshe lenzi pana."

"Pana kiasi gani? Unapiga milima? Majengo?"

"Chumba."

"Cha kuuza?"

"Mwanangu, wewe uza lenzi."

Miwani akacheka, akatoa mbili, akaziweka juu ya kitambaa. Moja nzito kama jiwe la kusagia, imeandikwa kumi na sita mpaka thelathini na tano. Nyingine nyepesi, ya plastiki plastiki, kumi mpaka kumi na nane. Mama Pasipoti hakuwa msomaji, lakini nambari hazimpigi chenga.

"Ukizungusha hapa inavuta, ukirudisha inapanuka," Miwani akasema. "Na nambari ikiwa ndogo ndiyo inaona pana zaidi."

"Yaani inavyopungua ndivyo inavyoona mengi?"

"Hivyo hivyo."

"Kama wazee."

"Kama wazee, mama! Sasa chukua hii nzito. Hii ndiyo lenzi ya watu wa kazi. Inakunywa mwanga, unampiga mtu anatembea kwenye kiza na anatoka safi."

"Chumba changu hakitembei."

"Lakini iko bora."

"Sijakataa. Nauliza, kitaingia?"

Miwani akaanza kueleza mambo ya pembe na nyuzi. Mama Pasipoti akamwacha amalize, kisha akatoa shingoni tepu ya kushonea, ile ya dada yake. Hakukumbuka aliivaa lini. Jana usiku alipimia chumba, na inaelekea alilala nayo.

"Una chumba cha upana wa tepu mbili, na urefu tepu mbili na nusu?"

"Cha nini?"

"Cha kujaribia. Sinunui kitu kwa maneno."

Hapo Miwani akaona huyu si mteja wa kuzungushwa. Akampeleka stoo. Wakaivuta tepu kutoka ukuta hadi ukuta, Miwani amepiga magoti kwenye vumbi na suruali yake nzuri. Stoo ilizidi kwa kiganja. Wakasogeza maboksi mpaka ikawa sawa. Mama Pasipoti akaegemeza mgongo kwenye mlango, akaweka lenzi nzito, akazungusha hadi kumi na sita. Maboksi ya kushoto yalikatwa katikati. Ya kulia hayakuonekana kabisa.

"Hii pana yako inaishia wapi?"

Miwani akajikuna. "Kusema kweli, imetengenezwa kwa kamera kubwa. Ya kwako ina jicho dogo ndani, inakula katikati tu, pembeni inatupa. Ukinunua kamera kubwa..."

"Lete nyingine."

Akaweka ile nyepesi, akazungusha hadi kumi. Stoo nzima ikaingia: maboksi ya kushoto, ya kulia, taa ya juu, fagio, na chini kabisa ncha za ndala zake mwenyewe.

"Miguu yangu imo."

"Ndiyo tabia yake. Rudisha miguu nyuma. Tena pembeni inavuta vitu, mama, mtu akikaa pembeni anatoka amepanuka kama mlango. Mtu muweke katikati."

"Hakutakuwa na mtu."

Miwani akainua macho kutoka kwenye lenzi.

"Basi hii inatosha," akasema, na sauti ilikuwa imeshuka. "Ila mwanga wake ni mdogo. Utumie stendi."

"Ninayo."

Akalipa, akakataa mfuko wa dukani, akaitia lenzi kwenye mfuko wake pamoja na kamera. Njiani alitarajia kusikia furaha kidogo, au uchungu. Alisikia njaa. Akanunua ndizi moja, akaila amesimama.

Alipofika akakuta lori limeegeshwa mbele ya studio. Ijumaa. Mtoto wa dada alikuwa ndani, shati limelowa jasho, fagio mkononi, anatabasamu.

"Mama mdogo, shikamoo. Nimepata nafasi leo nikaona nikusaidie. Mwenye nyumba kaniambia unataka kupiga chumba picha."

"Marahaba," akasema. Akatazama.

Chumba kilikuwa safi. Kimefagiliwa, vitambaa vyote vimekunjwa, cherehani imefungwa kamba tayari kwa safari. Ukuta ulikuwa mtupu. Zile karatasi za kukatia nguo, alizokata Fundi kwa vipimo vya kila mteja na kuzitundika kwenye misumari yake, mikono, kola, migongo, sketi, zaidi ya sitini, zilikuwa zimeviringishwa pamoja kama mkeka na kufungwa kwa uzi.

"Umezitoa."

"Nimekusafishia. Si wewe uliyenilea ukisema picha haipigwi pachafu?"

Kweli alisema. Alimpangusa pua kwa maneno hayo hayo tangu ana miaka mitatu. Siku nyingine angemwita mpumbavu mara tatu na kumtaja baba yake. Sasa alikaa kwenye kiti cha Fundi, mfuko mapajani. Kijana akaona kuna kitu, akaegemeza fagio ukutani.

"Nimeharibu?"

"Kila moja ilikuwa na msumari wake."

"Upi ni wa ipi?"

"Alijua yeye."

Jua la saa tisa lilikuwa linaingia dirishani na kupanda ukutani. Ukuta ulikuwa wa kijani zamani, jua limeula miaka ishirini na miwili mpaka ukawa rangi ya maji ya sabuni. Mama Pasipoti aliutazama kwa kuwa ulikuwa mbele yake. Ndipo akaona. Haukuliwa wote. Chini ya kila msumari kulikuwa na kipande cha kijani kibichi, cha siku ya kwanza, chenye umbo. Mkono wa koti. Kola. Sketi ya mtu mnene.

"Fungua huo uzi," akasema.

Walifanya kazi hadi jua lilipofika dari. Yeye anashika karatasi, kijana yuko juu ya stuli.

"Mgongo, mabega yameinama," kijana akasema.

"Huyo ni mwalimu. Jaribu pale kwenye pembe."

"Unakaa! Mama mdogo, umekaa kama mfuniko."

"Na huu mkono mfupi?" Mama Pasipoti akauliza.

"Hauna mwenzake."

"Mwenye nao alikuwa na mmoja. Weka."

Kijana akacheka, kisha akaacha kucheka, akajipangusa uso kwa kiwiko. Mama Pasipoti alimpa muda, huku amenyoosha karatasi inayofuata. Yeye mwenyewe macho yalikuwa makavu kama sakafu.

Wakafungua kamba ya cherehani. Wakatandaza vitambaa vile alivyovikumbuka yeye, ovyo kwa utaratibu wake. Lile shati la kola, ambalo mwenyewe alikataa kuja kulichukua, wakaliweka chini ya sindano. Mwisho akashika gurudumu, akalizungusha taratibu kwa mkono mpaka sindano ikashuka nusu. Akaacha hapo.

Akafunga stendi mlangoni, mgongo umegusa mbao. Akazungusha hadi kumi. Kuta tatu zikaingia, dirisha, karatasi zote, msumari wa mwisho. Kiti kilikuwa katikati, kidogo, mbali, kana kwamba chumba kimeongezwa na kiti kikasukumwa nyuma. Hilo Miwani hakulitaja. Akazungusha hadi kumi na nane, kiti kikaja karibu kabisa, ila dirisha likatoka na nusu ya karatasi zikatoka. Akarudisha kumi. Akaenda tena kumi na nane.

Uso mtupu si mimi. Na kiti kitupu je? Hilo hakuwahi kumwuliza.

Akarudisha kumi, akarudisha miguu nyuma, akapiga.

"Kimeingia?" kijana akauliza.

"Kimeingia."

"Chote?"

"Chote."

Akasubiri. Alijua watu wangesema hapa ndipo machozi yangekuja. Nje mtu aliita mtoto wake, mtoto akaitika. Hayakuja. Akamwambia kijana ashushe cherehani kwenye lori kabla hakujawa na kiza, na aitandikie gunia chini isikwaruzwe.

Jumatatu akaichapa. Mashine yake ilikuwa haijui ukubwa mwingine, ikatoa chumba cha dada yake kwa kipimo cha pasipoti, mara nne. Akazikata kwa mkasi, kingo zikanyooka kama siku zote. Mbili alizitia kwenye bahasha ya mtoto wa dada. Mbili akazitia bahasha nyingine, akaandika juu kwa herufi zake zilizolala: FUNDI. Akaiweka kwenye boksi la picha ambazo wenyewe hawajaja kuzichukua.

Kisha akaitoa lenzi pana, akaweka ile ya nyuso. Nyuma ya mbao mpangaji mpya alikuwa anagonga nyundo. Mlangoni kulikuwa na mtu, ameshachana nywele.

"Ingia," akamwambia. "Nyoosha shingo."