Fimbo ya Pampu ya Rubondo

Siku yangu ya kwanza kazini nilinusurika kufukuzwa. Nilikuwa mkimbizi kutoka Kivu ya Kusini, na masomo yangu ya metali hayakuwa yamemsaidia mtu yeyote katika kambi ya Nakivale, Uganda, mpaka karakana moja ya Ruti, Mbarara, iliponichukua kuchunguza vyuma vilivyovunjika kwa hadubini. Nikapewa ekseli iliyokatika vipande viwili. Kwa kiherehere changu nikavibananisha nione kama vinalingana. Mkuu wa karakana, mwanajeshi mstaafu, akaupiga mkono wangu kofi.

“Wewe nafanya nini? Hiyo chuma ni shahidi. Wewe nafunga yeye mdomo.”

Alikuwa sahihi. Chuma kinachochoka hupasuka kidogo kidogo, na kila hatua ya ufa huacha mstari mwembamba. Kilichokatwa kwa msumeno hakina mistari hiyo. Ukizisugua pamoja nyuso mbili za mpasuko, unaifuta. Sikurudia kosa hilo.

Miaka mingi baadaye ikaletwa fimbo ya pampu kutoka Rubondo, mtaa mmoja wa kambi ya Nakivale, ile inayoshuka kisimani kuvuta maji. Ilikuwa imekatika, kisha mtu ameiunganisha na kuifunga kwa vijiti viwili na kipande cha kitenge. Mtu huyo alikuwa Mama Nabintu, muunga mifupa, jirani wa kisima. Majirani walisema ni mchawi na ndiye aliyeikata, maana alitangaza mapema kwamba itavunjika. Walimpa wiki moja ahame.

Alikuja nayo mwenyewe, akakaa mlangoni pa maabara. Nilimuuliza kwa nini aliifunga.

“Niliifunga vile tunafunga mufupa, baba. Na nilibaambia tangu zamani, ile chuma iko inalia. Habakunisikia.”

Nyuso zilikuwa zimesuguana mpaka zikang’aa. Nilitafuta siku tatu kwa hofu, kwa sababu niliishi Rubondo na najua anayeitwa mchawi huishia wapi. Siku ya tatu nikapata kishimo kidogo ambamo nyuso hazikugusana. Mistari ilikuwemo, mingi, imepangana. Chuma kilichoka chenyewe. Niliandika ripoti, mkuu akagonga muhuri, na viongozi wa mtaa wakamwacha akae kwake.

“Sasa yeye najuaje?” mkuu aliniuliza. Hilo sikuliandika.

Siku aliyokuja kuchukua ripoti, Mama Nabintu aliweka kiganja juu ya fimbo nyingine mezani, ambayo nilikwisha kuisaini kuwa nzima. Akaonyesha mahali pamoja kwa kidole. “Na hii.” Nilicheka. Alipoondoka niliikata hapo hapo, nikaiweka chini ya hadubini. Ufa ulikuwemo, mwembamba kuliko unywele. Nikaifuta sahihi yangu.

Ninyi mnaoanza kazi hii, iheshimuni hadubini. Huonyesha vizuri jinsi kitu kilivyovunjika. Kitakachovunjika kesho haijawahi kunionyesha.

Nilipostaafu nilikwenda Rubondo kumuaga. Alinipokea kwa furaha, akanishika kifundo cha mkono kunisalimu, na hakukiachia. Aliinamisha kichwa upande, kama anayesikiliza.

“Unasikia nini, Mama?”

Akauachia mkono wangu taratibu, akatazama pembeni.

“Kunywa chai, baba. Iko inapola.”