Mtamba wa Lazaro na Hisa za Antonia

Antonia alikuwa na hisa za kampuni tano, na mdogo wake Lazaro alitaka aziuze zote kabla ya Krismasi.

Kwa mkulima wa maharage wa Ganako kama yeye, hisa hizo ndizo zilizokuwa pensheni. Goti la kulia la Antonia liligoma kwenda shambani miaka miwili iliyopita, na tangu hapo gawio la kila mwaka ndilo linalolipa vibarua. Alizinunua kidogo kidogo, kila msimu maharage yalipopata bei. Kampuni moja ilikufa. Mbili zimelala palepale alipoziacha, na ya nne inajikongoja. Ya tano, ya saruji, imepanda mara kumi na nne na kuzibeba nyingine zote mgongoni. Antonia hajifanyi kuwa aliijua mapema. Angeijua, anasema, asingepoteza maharage yake kwa zile nne.

Lazaro ni dereva wa watalii. Jioni moja, wakitoka kreta kutazama wanyama, mgeni alimwonyesha kwenye simu orodha ya hisa zilizopanda kuliko zote katika historia, na tangu siku hiyo akawa hashikiki. Alifika kwa dada yake na fomu ya kuuza hisa, imejazwa tayari, imebaki sahihi, ili pesa yote iende kwenye hisa moja ya orodha hiyo.

"Dada, tazama hii ya Marekani. Ilianza kwa kuuza vitabu mtandaoni. Ungeweka laki moja tu mwaka tisini na saba, leo unaongelea mamia ya milioni."

"Mwaka tisini na saba ulikuwa unachunga mbuzi wa baba, na wawili uliwapoteza."

"Dada, acha hayo."

Antonia aliweka kidole kwenye mchoro wa bei katika simu ya Lazaro, mahali mstari ulipolala chini. "Na hapa palitokea nini?"

Lazaro alipanua picha, akasoma, akakohoa. "Hapo ilianguka. Kama miaka miwili hivi. Katika kila shilingi mia, zilipotea zaidi ya tisini."

"Na wewe ungekaa nayo?"

"Ningekaa! Mimi siyo mwoga."

Antonia alitabasamu, jambo ambalo lingepaswa kumtisha. Lazaro alikuwa na mtamba mmoja, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa, amemweka kwa mzee Felisiani kule Oldeani. Ni desturi ya Wairaqw: ng'ombe wako wanakaa kwenye maboma ya watu mbalimbali, ili ugonjwa ukiingia boma moja usiwamalize wote. Anayetunza hupata maziwa na samadi, mwenye mali hupata ndama. Na mwenye mali hapigi hodi kila wiki kukagua. Huko ni kumtukana mtunzaji.

"Kaa siku thelathini bila kwenda kwa Felisiani na bila kumpigia simu kuhusu mtamba wako," Antonia alisema. "Ukiweza, nasaini."

"Siku thelathini tu? Dada, andaa kalamu."

Ilikuwa Oktoba, nyasi zimekauka hadi mizizi. Siku ya nne Lazaro alisikia stendi kwamba ng'ombe wa Oldeani wamekonda. Siku ya saba akasikia kwamba bei mnadani inashuka. Siku ya tisa, akijifanya amepotea njia na gari la wageni, alisimama mbele ya boma la Felisiani. Mtamba alikuwa mbavu tupu.

"Mzee, huyu atanifia. Namuuza leo."

"Leo leo?"

"Kabla bei haijashuka tena."

"Basi usihangaike na mnada," mzee alisema taratibu. "Yupo mtu aliniambia ukitaka kuuza nimpigie. Pesa inaingia kwenye simu sasa hivi."

Iliingia. Lazaro hakuuliza mtu huyo ni nani. Alishukuru, akageuza gari.

Mvua za vuli zilipokolea alisikia kwamba mtamba amezaa ndama jike, na mnunuzi ni dada yake. Alifika Ganako akiwa na macho mekundu.

"Felisiani alijua ana mimba!"

"Alijua."

"Mbona hakuniambia?"

"Anasema ulitazama mbavu, ukaongea habari za bei tu. Ng'ombe mwenyewe hukumuulizia hata neno moja."

Lazaro aliketi kwenye kigoda. Fomu ilikuwa bado mezani, na Antonia aliikunja mara nne, akaichomeka chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi. Meza ikatulia.

"Niuzie basi yule ndama," Lazaro alisema. "Hata mara mbili ya bei yangu."

"Ndama siuzi. Ila wiki ijayo mwenye duka la pembejeo anakwenda Arusha kwa dalali wa hisa. Mpe pesa ya mtamba, akununulie kidogo kidogo za kampuni nne au tano."

"Zipi?"

"Mimi nitajuaje?" alisema Antonia. "Na hiyo simu, ukishanunua, mwachie mkeo, usije ukazipigia hodi kila wiki."